Kwa Ajili ya Nafuu ya Ragna Osmundson

Shamba la Osmundson,
Nordhagen, Dakota ya Kaskazini,
18 Septemba 1938

Kaka yangu mpendwa Torgeir,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu Hanna na watoto; nasikia yule mkubwa ameshakupita kimo. Natumaini mgongo wako umetulia na kiwanda cha samaki bado kinakupa kazi ya wiki nzima. Mimi sijambo. Goti la kulia hunigomea asubuhi, lakini likishapata moto linatembea. Kaburi la mama nimelipalilia Jumapili iliyopita na msalaba nimeupaka rangi upya. Mvua mwaka huu imetukumbuka kidogo. Ngano ya jirani ilifika kiunoni, jambo ambalo hatukuliona kwa miaka mingi hata kabla hujaondoka.

Barua yako ya Agosti niliipata. Umeniuliza jambo moja tu: kama nitauza shamba nije huko kwenu kabla ya theluji, nikae kwenye kile chumba cha juu ya jiko. Hanna naye ameongeza chini kwa mwandiko wake kwamba kitanda kimeshatandikwa. Nimeusoma mstari huo mara kadhaa. Nitawajibu, lakini jibu langu haliwezi kusimama bila miguu, na miguu yake ni mambo ambayo sikukuandikia kwa miaka miwili. Kwa hiyo mwambie Hanna achemshe kahawa, ukae, unisikilize.

Ulikuwepo ng'ombe walipokufa. Unakumbuka ile Julai panzi walivyokula mahindi, wakala mapazia, wakaanza kutafuna mipini ya majembe kwa sababu ya chumvi ya mikono yetu. Serikali ikaleta pumba zenye sumu, zimechanganywa na molasi ili panzi wavutike. Lori lao moja likapasuka tairi kando ya uzio wangu, dereva akapunguza mzigo kwa kumwaga magunia mtaroni, akasema atarudi kuyazoa. Hakurudi. Panzi walivutika, na ng'ombe wangu wakavutika pia, maana ng'ombe aliyetafuna nyasi kavu tangu Mei akisikia harufu ya molasi hangoji kualikwa. Walikufa kumi na mmoja, wakabaki wawili tu waliokuwa bandani. Najua hujasahau walivyobanana kwenye hori la maji, wakinywa na kunywa, na maji yasiwasaidie kitu.

Tulipokuwa tukichimba lile shimo, ardhi ngumu kama tofali, uliegemea koleo ukaniambia, "Dada, yaliyobaki ni kwenda kujiandikisha kwenye nafuu kama wenzako." Nami nikakujibu kwamba neno hilo lisiingie nyumbani kwangu. Oktoba ukaondoka, na kwenye stesheni tulipeana mikono kama watu waliouziana farasi mbovu. Hilo limenikaa moyoni.

Labda huko uliko nafuu bado ni neno la mgonjwa aliyeanza kula. Huku kwetu limebaki na maana moja: foleni ya Jumanne kwenye jengo la mahakama, mfuko wa unga wa serikali, nyama ya kopo isiyo na jina, na karani anayekuuliza una soksi jozi ngapi. Wewe unanijua. Marehemu mume wangu Lars aliniachia ng'ombe wawili na paa linalovuja. Hao kumi na mmoja niliwapata kwa malai, debe kwa debe, kila debe limeandikwa jina langu kwa rangi nyekundu ili kwenye kiwanda cha siagi wasilichanganye na la mvivu yeyote. Niliwahi kusema mbele ya kina mama wa kanisa kwamba mwanamke mwenye mikono miwili na kisima hana haja ya kupanga foleni. Olina Haug alikuwa ameketi benchi la nyuma yangu. Unamjua Olina, mjane wa yule fundi wa vinu vya upepo. Alikuwa kwenye nafuu tangu mwaka wa thelathini na nne.

Basi ulipoondoka nilikwenda kwa wakili Clausen, nikamwambia naishtaki serikali. Mzee akavua miwani, akaifuta, akanieleza kwamba serikali haishtakiwi mpaka yenyewe ikubali kushtakiwa. Nikamuuliza kama ng'ombe wangu nao waliombwa ridhaa. Akacheka, kisha akaniambia ipo njia moja. Mbunge wetu anaweza kupeleka muswada Washington, Bunge likatunga sheria kwa ajili yangu peke yangu: sheria kamili, yenye namba yake na sahihi ya Rais, inayosema Ragna Osmundson alipwe ng'ombe wake. Nilidhani amezeeka. Lakini akanionyesha vitabu vizima vya sheria za namna hiyo, za wajane, manahodha, na mtu mmoja ambaye ghala lake liliangukiwa na kombora la mzinga wa jeshi.

Habari zilifika kiwanda cha siagi kabla yangu. Knut Bergo, anayepima malai pale, alinipokea kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Ragna, hiyo sheria yako, mimi nikiivunja nafungwa miaka mingapi?" Mwingine akauliza kama ng'ombe waliokufa watapewa kura. Nilicheka pamoja nao, maana ni mzaha wa watu wanaokuhesabu kuwa mwenzao. Mkemia wa chuo alikuwa ameshapasua tumbo la ng'ombe mmoja na kuandika alichokikuta. Dereva naye aliapa akasema kweli tupu, ingawa ilimgharimu kazi. Nilipiga hesabu yangu: ng'ombe kumi na mmoja kwa dola sitini na tano, na dola mia moja na themanini za malai ya nusu mwaka. Jumla mia nane na tisini na tano. Sikuongeza hata senti ya machozi.

Machi mwaka jana gazeti la kaunti likachapisha kichwa cha muswada, kama kilivyotoka Washington, kwa herufi nene: KWA AJILI YA NAFUU YA RAGNA OSMUNDSON. Hapakuwa na ng'ombe, wala lori, wala sumu. Ni jina langu na lile neno, vimekaa pamoja kama mume na mke.

Kesho yake mke wa mchungaji alikuja na kikapu. Kulikuwa na lefse, ile mikate myembamba ya viazi, imefungwa kwa kitambaa safi, matango ya siki, na soksi za sufu. Aliniambia kwa upole, "Ragna, mpenzi, si aibu. Hata Yusufu aligawa nafaka kule Misri." Nikamwambia mimi sina njaa, nina madai. Akanitazama kama unavyomtazama mgonjwa anayesema hana homa, akaacha kikapu ngazini. Nilikirudisha kanisani na kila kilichokuwamo, nikaongeza na jibini yangu juu ili waone. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa kiwandani. Knut hakunitania tena. Alipima malai yangu akiwa ameshusha sauti, akaniambia pole. Halafu siku moja nilikutana na Olina njiani, anavuta unga wake wa serikali kwenye kigari cha mtoto, akanipungia mkono kwa furaha kabisa: "Karibu kundini, Ragna!" Nilipita kama sikumwona, na barabara yenyewe, kama unavyoijua, haina hata mti wa kujificha nyuma yake.

Clausen alinieleza kwamba miswada yote ya namna hiyo huitwa hivyo tangu enzi za babu zetu, na kwamba nafuu hapo maana yake ni mtu kutuliwa mzigo, wala haina uhusiano na unga. Nikamwambia, basi waite deni, maana ndilo jina lake. Akasema Bunge halibadilishi desturi kwa sababu ya gazeti la Nordhagen. Nilingoja aende Fargo kwenye kesi zake, nikatembea hadi stesheni kupeleka telegramu kwa mbunge.

Nilikuwa nimeiandika nyumbani hivi: Siombi nafuu. Ondoeni neno hilo kwenye muswada. Jina langu lisichafuliwe. Lipeni ng'ombe wangu. Mtu wa telegramu akahesabu kwa kalamu, akasema maneno kumi yana bei moja, na kila linalozidi ni senti tatu. Yangu yalikuwa kumi na matatu. Torgeir, nilisimama pale kwenye kidirisha nikawaza: habari za ng'ombe si zimo ndani ya muswada wenyewe? Hakuna asiyejua ni kwa ajili ya ng'ombe. Nikachukua kalamu nikakata maneno matatu ya mwisho. Nikaokoa senti tisa, nikarudi nyumbani nimejisifu.

Sasa sikiliza kilichotokea. Miswada hii ina siku yake. Husomwa mmoja mmoja, na wabunge wawili wakipinga, unarudi ulikotoka. Wako waliopewa kazi hiyo hasa, kusoma kila karatasi na kutafuta sababu ya kukataa, la sivyo hazina ingekauka. Siwalaumu, ningekuwa na hazina ningewaajiri mimi. Juni ulipofika wangu, mheshimiwa mmoja wa jimbo la mbali alisimama na telegramu yangu mkononi, maana ilikuwa imewekwa kwenye jalada, na kila kinachoingia jaladani hakitoki. Akasoma maneno mawili ya kwanza. Kisha akasema yeye amelelewa vizuri nyumbani kwao, na hawezi kumlazimisha mwanamke kupokea kitu ambacho mwenyewe anasema hakiombi. Hayo yote yamechapwa kwenye taarifa ya Bunge, na mbele yake, ndani ya mabano, wachapaji wameweka neno moja peke yake: Kicheko. Halafu mwingine akasimama naye akapinga, wakaendelea na muswada wa mtu mwingine.

Clausen aliniletea taarifa hiyo mwenyewe. Hakunigombeza. Aliuliza tu kwa nini sikumalizia sentensi, nami nikamweleza habari ya senti tisa. Akavua miwani, akageuka kutazama zizi kwa muda, na pale zizini hapakuwa na kitu cha kutazama.

Ng'ombe wawili waliobaki niliwauza Oktoba. Mashine ya kutenga malai ilifuata kabla ya Krismasi. Knut alinipa bei nzuri kuliko thamani yake, nami nilijua, naye alijua kwamba najua, tukanyamaza. Ndiyo sababu mlipata kadi tupu isiyo na barua. Sikuwa na la kuwaandikia ambalo lingekuwa kweli na bado lingekuwa la Krismasi.

Mwaka ulipogeuka Clausen akarudi na habari. Muswada ungesomwa tena. Ila karani wa mbunge alisema telegramu bado iko jaladani na yule mheshimiwa bado yuko Bungeni. Dawa ilikuwa moja: hati ya kiapo, yenye sahihi yangu, isemayo kwamba mimi Ragna Osmundson naomba nafuu. Niliuliza kama naweza kuandika malipo. Hapana. Haki? Hapana. Lile lile neno nililolikana ndilo nililotakiwa kulikiri, wasipate tundu la kupenya. Clausen alikuwa ameshaipiga chapa. Akaniachia mezani, na kwa wiki kadhaa niliitumia kuwekea kikombe cha kahawa.

Mwisho wa Januari nikavaa koti nikaenda mjini. Unajua kaunti yetu ilivyo sasa. Haiwezi kulipa watu wawili. Kwa hiyo Selmer, yule kijana mwembamba wa kina Grinde, ndiye anayeshuhudia viapo, na ndiye huyo huyo anayeandikisha nafuu, kwenye meza moja, na ilikuwa Jumanne. Foleni ilikuwa moja tu. Ilianzia mezani kwake ikafika mlangoni, na kila aliyekuwamo nilimjua kwa jina. Nilisimama mwisho, karatasi imekunjwa ndani ya glavu. Wote walitazama viatu vyao. Afadhali wangenitania.

Olina Haug akageuka kutoka katikati ya foleni. Nilijua ana haki ya kusema lolote na nikakaza uso kumpokea. Akaja hadi nilipo, akanishika kiwiko. "Njoo usimame mbele yangu," akasema. "Mlango huo unavuja upepo." Akawaambia waliokuwa nyuma yake wapishe kidogo, na mzee mmoja aliponung'unika akamwuliza kama anataka kuwahi harusi. Halafu akaninong'oneza, "Akikuuliza soksi, usihesabu ulizovaa."

Tulifika mezani. Selmer alipoona ile karatasi aliinua kichwa, na hakukusudia ubaya, alitaka tu kujua achukue muhuri au kitabu. Akaniuliza, "Nafuu ipi, Bi Osmundson? Ya sheria au ya chakula?" Kaka, nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nakwenda kwa ajili ya karatasi. Lakini nyumbani nilikuwa na viazi vya siku chache na unga ambao ungejaa kofia. Mikono yangu miwili nilikuwa nayo, na kisima nilikuwa nacho. Nikamjibu, "Zote mbili."

Basi ndilo hilo nililokuwa sijakwambia. Tangu Januari hadi Julai mwaka huu dada yako amekula unga wa serikali. Umeniandikia barua zako zote, unanisifu kwa ndugu wa huko kwamba Ragna hajawahi kuinamia mtu, na mimi nimezisoma nikiwa na nyama ya kopo mezani. Nimelazimika kukuambia, kwa sababu hutanielewa jibu langu kama unadhani linatoka kwa yule Ragna uliyemwacha stesheni.

Muswada ulisomwa Mei. Yule mheshimiwa hakusimama, na Clausen anasema ulipita upesi kuliko mtu kukunja leso. Rais ametia sahihi. Tuliomba mia nane na tisini na tano, wametoa mia sita. Malai ambayo hayakukamuliwa, wanasema, hayana bei, na ng'ombe wenyewe wamepunguzwa hadi dola hamsini na nne na senti kidogo, kana kwamba walikufa wamekonda. Clausen amechukua sehemu moja kwa kumi, sheria yenyewe hairuhusu zaidi. Sheria yangu nimeisoma yote. Ni fupi, inaenea kwenye postikadi. Inasema nalipwa na madai yangu yote yameisha. Haisemi popote kwamba mtu alikosea. Nilitafuta neno pole mbele na nyuma ya karatasi, na nakuambia wazi kwamba jambo hilo bado linanikera na litaendelea kunikera.

Nimenunua ng'ombe watano, hamsini na nane kila mmoja, na nyasi za kuwavusha majira ya baridi. Kwa goti hili siwezi kuwakamua peke yangu. Wiki iliyopita nilikwenda kwa Olina. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwomba radhi kwa nilichosema kanisani, lakini alinikatiza, akasema tangu siku ile benchi la nyuma limekuwa na joto zuri kwa hasira zake, niyaache hayo nieleze shida yangu. Nikamwambia nataka mkamuaji, kwa mshahara wa kila Jumamosi, na malai ya ng'ombe mmoja kati ya watano yawe yake. Akauliza kama ninamwonea huruma. Nikamwambia nimepiga hesabu mara mbili, na mimi ndiye ninayepata zaidi. Hapo akacheka.

Ameshaanza. Asubuhi ya Jumanne iliyopita tulikuwa bandani, akaniuliza akiwa amegeukia ubavu wa ng'ombe, "Selmer akiona sikutokea leo, aambiwe nimekwenda wapi?" Nikamwambia, "Aambiwe uko kazini." Aliendelea kukamua, na baadaye nikamsikia akilirudia neno hilo peke yake, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Kwa hiyo siji kukaa, Torgeir. Si kwa kiburi. Kiburi hicho umeshajua kilikoishia. Siji kwa sababu kila asubuhi kuna mtu anayenisubiri bandani. Lakini mwambie wifi yangu asikitandue kile kitanda. Ng'ombe wakishazaa, na Olina akikubali kubaki nao wiki mbili, nitapanda treni nije kama mgeni, nikuletee siagi, na tuagane upya kwenye stesheni ya huko, safari hii vizuri.

Nibusie watoto, na yule mkubwa umwinamishe kwanza. Msalimie kila mtu wa kwetu mnayekutana naye kanisani, na asiyeniulizia msalimie vilevile. Mungu awatunze hadi nitakapowaona kwa macho.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Ragna